Linux kwenye kompyuta ya mezani ya kampuni yenye jina: mtego uko kwenye diski

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na kompyuta nyingi za mezani zisizo na kasoro yoyote zikageuka za kizamani. Chukua Dell OptiPlex 7050 yenye prosesa ya Core i5-7500. Inafanya kazi za ofisi bila kuhema, lakini Windows 11 inaikataa: kwa Intel, ukiacha prosesa chache, inaanzia kizazi cha 8, na hii ni ya kizazi cha 7.

Wapenzi wa Linux, mfumo endeshi unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, wanasema futa, weka Mint au Ubuntu (matoleo yake mawili), maisha yaendelee. Wapinzani wanasema utajuta. Mimi niko na wale wa kwanza, ingawa hoja yao kubwa, kwamba Linux ni bure, naiona nyepesi. Windows ya mashine hizi ililipiwa zamani, siku iliponunuliwa. Hoja nzito ni kwamba kompyuta za ofisi za Dell, HP na Lenovo zimeuzwa kwa wingi mno, hivyo tabia zake zinajulikana. Canonical, wenye Ubuntu, wana orodha ya modeli walizozijaribu na kuzithibitisha. Baadhi hupata hata masasisho ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, ukiwa ndani ya Linux, kupitia programu iitwayo fwupd. Ile uliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya huku na huku haina bahati hiyo.

Ila kiwanda kiliipanga mashine kwa ajili ya Windows. Unaandaa flashi yenye Mint, unabonyeza F12 ili iwake kutoka humo, Mint inafunguka vizuri, unafika hatua ya kuchagua diski na diski haipo. Haijafa. Dell nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye "RAID On", mpangilio wa BIOS wa jinsi diski inavyosomwa, na mara nyingi kisakinishi hakiioni diski iliyopangwa hivyo. Ukiingia kwenye BIOS kwa F2 na kuweka AHCI, mpangilio wa kawaida zaidi, inajitokeza. Lakini sasa Windows uliyotaka kuibakiza pembeni inaweza kugoma kuwaka, na kama diski ilifungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, huenda ukadaiwa ufunguo wa tarakimu 48 ambao wengi hawajui hata kama wanao.

Secure Boot, ulinzi unaoruhusu kompyuta kuwasha mifumo yenye saini inayoaminika tu, inaogopwa kuliko inavyostahili. Ubuntu, na matoleo mengine ya Linux kama Fedora na Debian, huwaka nayo ikiwa imewashwa, tena kwa saini ya Microsoft yenyewe (ndiyo, hao hao). Usumbufu huja na draiva (programu za kuendesha vifaa) za nje, kama za kadi za picha za Nvidia: ukiwasha upya, skrini ya bluu inakuomba uthibitishe nenosiri uliloliweka wakati wa kusakinisha, na ukiipuuza draiva haifanyi kazi.

Kwenye programu wapinzani wana haki. Adobe haitoi Photoshop ya Linux. LibreOffice inafungua faili za Excel, lakini zenye makro nyingi (amri zinazojiendesha ndani ya faili) huvurugika. Anayekula kwa programu hizo asidanganywe kwamba Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, itamwokoa. Abaki na Windows, au atafute mashine nyingine.

Wengine waanze kwa kuendesha Linux kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote. Jaribu sauti, Wi-Fi na printa, ilaze kompyuta kisha iamshe, halafu fungua programu ya diski uone kama diski ya ndani imo. Kitu kikigoma, zima na uchomoe flashi. Mipangilio ya BIOS hujaigusa, na Windows yako iko palepale.