Diski pacha, na ile patisheni isiyo na pacha

Ukijenga seva ya nyumbani kwa diski mbili zinazoakisiana, yaani RAID 1 ya mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski, unalala ukijua diski moja ikifa nyingine itashika kazi. Kwa upande wa data ni kweli. Kuwaka ni habari nyingine. Fimwea ya UEFI, programu iliyomo kwenye mashine yenyewe inayoanza kazi ukibonyeza kuwasha, haiijui mdadm. Inatafuta patisheni ndogo yenye mfumo wa faili wa FAT, iitwayo ESP, yenye butiloda ndani, yaani programu inayoipakia Linux; na kisakinishi cha Debian, aina mojawapo ya Linux, huweka butiloda yake, GRUB, kwenye ESP moja tu. Chomoa diski hiyo, washa mashine, na utabaki unatazama skrini nyeusi huku data yako yote iko salama kwenye diski isiyoweza kujiwasha.

(Wenye BIOS, fimwea ya zamani, hawana ugomvi huu: grub-install kwenye /dev/sda, tena kwenye /dev/sdb, basi.)

Hapa watu hugawanyika. Kuna wanaoitia ESP nayo ndani ya kioo, yaani ile RAID 1, na kuna wanaoacha ESP mbili huru na kunakili faili kutoka moja kwenda ya pili. Hawa wa pili huonekana wavivu: umejenga nyumba ya matofali, mlango ukauacha wa makuti?

Wa kwanza wana hoja. Metadata, yaani maelezo ambayo mdadm hujiandikia kuhusu kioo, ya toleo 1.2, ambayo huitumia usipoiambia vingine, hukaa kilobaiti 4 tu kutoka mwanzo wa patisheni na kuisogeza data mbele, kwa hiyo fimwea ikichungulia haioni FAT. Ukichagua 1.0, metadata huhamia mwishoni, na kila nusu ikitazamwa peke yake ni FAT ya kawaida. GRUB inaandikwa mara moja, diski zote zinapata, na hakuna skripti ya kusahau.

Lakini ujanja huo unasimama juu ya sharti moja: asiandike mtu mwingine yeyote. Na fimwea ina haki ya kuandika kwenye ESP. Ikiandika, inaandika kwenye nusu moja, kabla Linux haijaamka. Mdadm haikushuhudia kitu; hesabu yake ya matukio kwenye nusu zote mbili ni ileile, na /proc/mdstat, ripoti ya hali ya kioo, inakuonyesha [UU], yaani diski zote mbili ni nzima, bila aibu. Kuanzia hapo jedwali la FAT linaweza kusomwa kutoka diski hii na faili lenyewe kutoka diski ile. Jumapili ya kwanza ya mwezi Debian inakagua kioo, na mismatch_cnt, hesabu ya sehemu zisizofanana, inapanda. Unaamuru repair, yaani itengeneze. Sasa itengeneze kwa kufuata nini? RAID 1 haina namna ya kujua nakala ipi ndiyo sahihi. Huchukua moja na kuifuta nyingine kwa hiyo. Huenda aliyeshinda ndiye mwenye kosa, na kuanzia hapo kosa lina nakala mbili.

Nikiri kwamba nyumbani jambo hili hutokea kwa nadra, na wapo watakaoishi na 1.0 miaka bila kuliona. Ila fungua ESP ya Debian uone kinacholindwa: shimx64.efi (shim, programu ndogo inayoitangulia GRUB), grubx64.efi, na grub.cfg ya mistari mitatu inayosema tafuta mfumo wa faili wenye UUID hii, kisha nenda kasome grub.cfg halisi. Kerneli, kiini cha Linux chenyewe, hazimo, ziko /boot, ndani ya kioo cha kweli. Vitu hivi hubadilika pale pakiti ya GRUB au shim inapopanda toleo, si kila sekunde. Ukisahau kunakili, ndiyo, unaweza kukutana na "symbol not found", GRUB ya zamani ikivutana na moduli mpya. Hilo ni kosa linalojitangaza, na mimi nalichagua kuliko lile linalojificha nyuma ya [UU].

Wala si uvivu wa mtu mmoja mmoja. Ubuntu tangu 20.04 hukubali kusakinisha GRUB kwenye ESP zaidi ya moja. Proxmox, mfumo wa seva za mtandaoni uliojengwa juu ya Debian, ina proxmox-boot-tool, inayonakili hadi kerneli kwenye kila ESP uliyoionyesha. Wote wawili waliacha ESP huru.

Kinachowaangusha watu wa nakala ni vitu vidogo. ESP ya pili haina jina kwenye orodha ya fimwea. Iongeze kwa amri ya efibootmgr, au endesha grub-install yenye --removable ili faili likae EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, mahali ambapo fimwea huangalia yenyewe. Halafu kuna fstab, orodha ya patisheni ambazo Linux huzifungua ikiwaka, na hapa watu wa kioo wanatushinda, maana /dev/md0 yao ipo hata diski moja ikifa. Mimi nilichomoa waya wa SATA wa diski ya kwanza nikijiamini kabisa. GRUB ikatokea, kerneli ikapakiwa, kisha sekunde 90 za kuingoja /boot/efi, yaani ESP ya diski ile, ambayo haikuwepo, na mashine ikaishia kwenye hali ya dharura ikiniomba nywila ya root. Nikaongeza nofail, yaani usikwame patisheni hii ikikosekana, kwenye mstari wake ndani ya fstab, nikawasha tena waya ukiwa bado mkononi.