Mzee akibaki nyuma ya hesabu

Jumamosi moja alfajiri, kikundi chetu cha jogging cha Area C, Dodoma, kilisimama kunyoosha viungo. "Mkono wa kulia juu, mguu wa kushoto nyuma, twende nane!" Mzee mmoja aliyeletwa na binti yake akabaki anautazama mkono wake kama si wake. Mwalimu, akidhani ni mzaha, akamtania kwenye spika. Watu tukacheka. Mzee hakurudi tena.

Baadaye binti alitueleza kwamba baba yake ana demensia, ule ugonjwa wa kusahau. Tangu hapo tunabishana: walimu wetu wafundishwe namna ya kuwapokea watu kama yeye?

Wanaokataa wana hoja. Mwalimu anajitolea tu, hana hata posho. Mzee akianguka au akipotea njiani, atajibu nani? Na ushahidi wanao: utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 494, ulionyesha kuwa mazoezi mazito yaliimarisha mwili lakini hayakupunguza kasi ya kusahau. Kwa hiyo anayemwahidi mama wa watu kwamba mchakamchaka utarudisha akili ya mumewe anamdanganya.

Sawa, lakini mwenye kisukari tunampokea bila kumuuliza kama atapona. Kwa nini huyu adaiwe tiba ndipo apewe nafasi kwenye mstari? Na si wachache. Huko Hai, Kilimanjaro, uchunguzi wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi wanao ugonjwa huu. Wengine wamefungiwa ndani. Jirani mmoja anasema ni uzee, mwingine karogwa.

Chenyewe cha kufundishwa ni kidogo. Toa agizo moja, siyo matatu. Simama mbele yake ufanye wewe kwanza, kisha usubiri. Usimuulize juzi tuliishia wapi. Punguza spika. Nusu siku na mtaalamu inatosha, na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo hapa hapa mjini, ingawa ukitangaza kuwa walimu wa jogging wanakwenda Mirembe, jiandae kwa utani wa mwezi mzima.

Suala la lawama ndilo gumu. Mimi ningeweka sharti: ndugu aje naye na aingie mstarini, siyo kukaa pembeni na simu. Na barabara ya Singida tuwaachie vijana. Wazee wabaki uwanjani.