Silva ya kopo si kromu: pete ya dashibodi ya Datsun

Wiki iliyopita, gereji moja ya Nyakato, Mwanza, nilimkuta fundi rangi ameshika pete ya plastiki inayozunguka saa ya spidi ya Datsun 120Y. Upande wa juu bado uling'aa kama kioo. Upande wa chini, ule usiofichwa jua na paji la dashibodi, mng'ao umebanduka, plastiki nyeusi inachungulia. Mzee mwenye gari akasema, "Fundi, iache hivyo hivyo, huo ndio umri wake." Mwanawe alitaka ipulizwe silva, gari liende harusini Jumamosi likiwa jipya.

Tunachokiita kromu ndani ya magari ya zamani mara nyingi si kromu. Ni alumini iliyovukizwa kwenye chumba kisicho na hewa ikatua juu ya plastiki, utando usiofika mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, kisha ukafunikwa kwa vanishi angavu. Vipo pia vipande vilivyopigwa shaba, nikeli na kromu yenyewe kwa umeme. Vipande hivyo ni imara na huvumilia zaidi. Pete ya mzee ni ya aina ya kwanza. Gari likishinda juani pale Kirumba vioo vimefungwa, plastiki hutanuka zaidi ya mara tatu ya alumini, na jioni upepo wa ziwa ukianza hunywea tena. Vanishi hugeuka manjano, hupasuka, na utando huinuka.

Kijana ana hoja, na mimi siidharau. Palipoanza kubanduka hapaachi kubanduka. Tena gari la zamani huponea kwa mwenyewe kuona fahari kuliendesha. Wakishaanza kulionea haya nyumbani, kinachofuata ni kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Ila silva ya kopo haimpi anachokitaka. Ndani yake mna chembe za alumini, kila moja imelala upande wake, kwa hiyo mwanga hutawanyika badala ya kurudi kama kwenye kioo. Utapata rangi ya bati lililonyeshewa msimu mzima. Na ili ishike vizuri fundi atapiga msasa kwanza, au atalowesha pete kwenye jiki, ambayo hula alumini hiyo upesi sana. Yale maeneo mazima yaliyodumu miaka karibu hamsini yanakwenda na maji, na hakuna wa kuyarudisha hapa Mwanza. Marekani na Uingereza wapo wanaovukiza upya, lakini hapo unalipia kazi na usafiri wa kwenda na kurudi. Mimi ningepeleka seti nzima kwa pamoja, ili mng'ao ulingane, au nisipeleke kabisa.

Zipo njia za katikati. Karatasi ya alumini yenye gundi, nyembamba sana, inayokatwa kwa wembe na kusuguliwa kwa pamba, inafaa mahali pa bapa, na siku ukiichoka unaibandua. Kalamu ya wino wa kromu inang'aa kushinda silva yoyote niliyowahi kuona, lakini inataka siku kadhaa kukauka, hufifia ukiipaka vanishi, na haihimili jasho la vidole. Kwenye kitasa cha mlango au vifundo vya redio nisingeitumia kamwe.

Pete ya saa ya spidi, lakini, imekaa nyuma ya kioo chake. Hakuna mkono unaoigusa. Ndiyo maana nilisimama upande wa mzee, kwa nyongeza moja: pete isafishwe kwa maji na sabuni kidogo, upande wa juu ulio mzima bado usiguswe na msasa, kalamu ipite kwenye weusi tu. Kijana aliutazama ule upande wa juu kwa muda mrefu, akaona uso wake humo, akakubali.

Jumamosi Datsun lilikwenda harusini na tundu kwenye dashibodi. Pete ilibaki gerejini, imefunikwa beseni isiingie vumbi, wino haujakauka.