Kompresa Kwanza? Amri ya Nani?

Juzi kwenye mazoezi pale Nsambya, Kampala, kijana wetu wa besi alitoka kidogo kwenda kununua rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, barabarani. Kurudi, chapati ingali inafuka mkononi, akamkuta mpiga solo amechuchumaa juu ya ubao wake wa pedali, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya besi. Amekwisha kubandua mbili kutoka kwenye velkro na anazipanga upya. Hakuomba, hakuuliza. "Nakurekebishia tu," akasema, "kompresa lazima iwe ya kwanza, kila mtu anajua." Kijana, kwa adabu zake za Arua, akajibu "asante kaka" akaketi kula. Mimi ndiye niliyeshindwa kumeza.

Tuanze na hili la adabu: ubao wa mtu haushikwi. Mpiga solo yule yule, ukimgusia nobu moja ya dileyi yake, pedali ya mwangwi, atakuita mchawi.

Sasa hiyo "kila mtu anajua". Nimeisikia kanisani, nimeisikia kwenye baa za Kabalagala, nimeisikia kwa mafundi mitambo ambao hawajawahi kushika besi maishani mwao. Kompresa, ile pedali ya kusawazisha pigo kubwa na dogo, kwanza, halafu mengine yafuate. Ukiwauliza sababu, wanakuonyesha video ya Mmarekani mwenye ubao mpana kama kitanda, pedali kumi na kitu, na kompresa mbili. Mbili! Sisi tunazungumzia ubao unaobebwa kwapani kwenye boda, unaoingia pedali tano kwa kubanana. Hapo kila pedali inaifinya jirani yake, na ukikosea mpangilio huna pedali ya sita ya kuja kukuokoa.

Kijana alikuwa amepanga hivi, kuanzia sauti inapotoka kwenye besi: tyuna ya kupimia noti, okteva ya kuongeza noti ile ile chini zaidi, oto-wa, kompresa, kisha diraivu ya kukwaruza sauti. Mimi nasema alikuwa sawa kabisa, na sehemu kubwa ya usawa huo iko kwenye ile oto-wa.

Oto-wa haina mguu wa kukanyaga mbele na nyuma kama wa-wa ya kawaida. Inasikiliza mkono. Ukivuta uzi kwa nguvu, filta (kichujio cha sauti) inafunguka na sauti inasema "wau". Ukigusa taratibu, inabaki imefumba midomo. Ndivyo ilivyokuwa tangu Mu-Tron III ya mwaka 1972, ile ambayo Bootsy Collins, mpiga besi wa fanki, aliifanya ikazungumza kama binadamu. Kinachoiongoza ni tofauti kati ya pigo kubwa na pigo dogo. Hicho tu.

Na kazi ya kompresa ni nini? Kuiua tofauti hiyo. Ukiiweka 4 kwa 1, ukavuta uzi ukapita kizingiti, yaani kiwango inapoanzia kubana, kwa desibeli 8, zinazotoka upande wa pili ni 2. Basi pigo lako la hasira na pigo lako la upole vinafika kwenye oto-wa vikiwa na vimo karibu sawa. Unakaza mkono, kidole kinachubuka, na filta iko pale pale, imeduwaa. Ni kumfunga bwana harusi kitambaa machoni halafu kumlaumu kwamba hamtazami bibi harusi. Kisha anakuja mtu anakwambia oto-wa yako ni feki, ununue nyingine.

Geuza sasa. Oto-wa mbele, kompresa nyuma yake. Mkono unaongea na filta moja kwa moja. Filta inapofunguka ina tabia ya kuruka juu kwa sauti pale kwenye kilele chake, na mruko huo ndio unaomfanya fundi mitambo akimbilie miksa na kukushusha mpaka usisikike usiku mzima. Kompresa ikiwa nyuma inaudaka huo mruko. "Wau" inabaki, kishindo kinatulia, na spika za baa, ambazo zimeshapitia mengi, zinapumua. Kwa ubao mdogo sijui unataka nini zaidi kutoka kwenye pedali moja.

Tena angalia tunapiga nini hapa Kampala. Tunapiga seben, ile sehemu ya wimbo wa Lingala ambapo magitaa yanachachamaa na watu wanacheza. Besi ya Lingala ikifika kwenye seben haikai chini kunung'unika, inaruka juu ya shingo, inajibizana na solo, inakata katikati ya mdundo kisha inarudi na pigo zito. Kuna noti za kugusa tu, ambazo msikilizaji hazihesabu lakini zikiondoka kiuno kinasita. Kuna noti za kupiga hasa. Mtu anayekwambia uzisawazishe zote mlangoni, kabla hazijafika popote, hajawahi kusimama nyuma ya Wakongo watatu wenye magitaa.

Haya, nikubali kidogo, maana najua mtaniandikia. Okteva inafurahi ikipewa sauti iliyonyooka, na kompresa mbele yake inaisaidia kushika noti inapofifia. Kweli. Kuna pia wanaopenda filta ifunguke kipimo kile kile kila noti, kama mashine, na kwa muziki wa aina fulani inapendeza. Kweli pia. Na kompresa ikikaa nyuma inanyanyua makelele ya kila kilichotangulia, jambo ambalo kwa umeme wetu si dogo. Lakini ndiyo maana kijana hakuiweka mwishoni kabisa! Aliiweka kabla ya diraivu. Hainyanyui makelele ya diraivu, na diraivu inapokea sauti iliyotulia, kwa hiyo haichomi noti moja na kuiacha nyingine baridi. Mtoto alifikiri. Aliyekuja kumrekebishia hakufikiri.

Umeme nimeutaja, niseme kidogo. Umeme wetu ni wa hezi 50. Noti ya G, uzi wa E freti ya tatu, ni hezi 49. Yaani mvumo wa waya mbovu unaimba karibu kabisa na noti tunayoipiga kila siku, na ukiwa kwenye jenereta inayozidiwa na jokofu la soda, mvumo unapanda na kushuka mpaka unaanza kuitilia shaka tyuna yako. Mpiga solo anaweza kukata sauti za chini kwenye amplifaya yake akauficha. Wewe ukikata huko umejikata mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kununua pedali ya tano, nunua pawa saplai yenye matundu yaliyotenganishwa, ili pedali za dijitali zisizipigie filimbi nyingine kupitia waya mmoja wa kugawana. Na adapta ya kinanda usiichomeke kwenye pedali kwa sababu eti "tundu limeingia". Pedali nyingi ni volti 9 na hasi iko katikati, vinanda vingi ni volti 12 na chanya ndiyo katikati. Harufu utakayoisikia haitatoka jikoni.

Okteva ikae mapema, sina ugomvi na mtu hapo. Inahesabu noti moja moja, ukiilisha sauti yenye diraivu au korasi (pedali inayofanya sauti moja iwe kama nyingi) inaanza kugugumia. Ila jamani, msiiwashe kwenye uzi wa E wazi. E ile ni hezi 41, okteva chini yake ni kama 20.6, pale pale sikio la binadamu linapoishia, na hakuna spika ya kwenye harusi itakayoitoa. Unachopata ni koni inayotetemeka kimya na amplifaya inayochoka bure. Panda kuanzia freti ya saba hivi, hapo ndipo inanona. Na ukiipitisha kwenye oto-wa inageuka kinanda cha besi cha zamani, kitu ambacho okteva ya Boss OC-2 imekuwa ikifanya tangu 1982 bila kelele za mtandaoni.

Diraivu: tafuta yenye nobu ya kuchanganya sauti safi. Bila hiyo, ukikanyaga tu, besi inatoweka na anabaki nyuki.

Kuna jambo lingine ambalo hao wataalamu wa video hawaligusi, kwa sababu wao wanapiga wakiwa wameketi chumbani na kaptula. Ubao unapangwa kwa sauti, sawa, lakini unapangwa pia kwa mguu. Sisi tunapiga kwanjula, sherehe za Kiganda za kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe. Bendi nzima imevaa kanzu na koti. Upindo wa kanzu unashuka mpaka kifundoni, na unapoinua mguu kukanyaga pedali ya nyuma, upindo unafagia nobu za pedali ya mbele. Nimeona kwa macho yangu, kwenye kwanjula moja kule Masaka: mpiga besi anawasha okteva, kanzu inazungusha sensitiviti ya oto-wa mpaka mwisho, na wakati ssenga, shangazi yake, anamwingiza bibi harusi, besi ikaanza kubweka. Wazee walicheka. Mama wa bibi harusi hakucheka.

Kwa hiyo usifuate mstari wa sauti kijingajinga, ukidhani pedali ya pili kwenye waya lazima iwe ya pili kwenye ubao. Waya zinapinda, ndiyo kazi yake. Unayokanyaga mara nyingi ije mbele, karibu na ukingo. Kompresa, ambayo ukishaiwasha huigusi tena hadi mpakie vyombo, irudi nyuma kwenye kona. Tyuna ndiyo hiyo hiyo unayonyamazishia besi wakati MC anapoongea, kwa hiyo nayo iwe mahali mguu unapofika bila kutazama. Nobu ukishazipata mahali pake, zitie alama kwa rangi ya kucha. Dada yako anayo.

Na wazee watakaosema "sisi tulipiga bila pedali": shikamooni, mna haki. James Jamerson, mpiga besi wa Motown, alichomeka besi moja kwa moja kwenye miksa ya studio kule Detroit na dunia bado inamsikiliza. Bendi yetu ya Afrigo ipo tangu 1975 na watu bado wanajaza ukumbi. Lakini hakuna kati yao aliyevizia mtoto wa watu amekwenda kununua rolex ili ampangie vitu vyake.

Mimi korasi nimeitoa kwenye ubao, haikuwa na nafasi, na kusema kweli hakuna aliyegundua. Iko mezani, inafanya kazi, boksi lake lipo. Mwenye pawa saplai ya matundu matano yaliyotenganishwa tubadilishane. Mpiga solo asinitafute.