Nairuzi au Mwaka Kogwa: jina gani linabeba mwanzo mpya?

Kila mwishoni mwa Julai, Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka huanza upya. Wanaume wa pande mbili huchapana kwa migomba hadi vinyongo vya mwaka mzima viishe, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto na aliyeingizwa ndani hutoka mbio. Siku hiyo ina majina mawili, Nairuzi na Mwaka Kogwa, na ugomvi wa asili yake umefichama humo.

Nairuzi ni Kiajemi: nou ni mpya, ruz ni siku. Wanaoshikilia kwamba sherehe hii asili yake ni Shirazi, mji wa Uajemi, wana hoja nzito kuliko ile hadithi ya Kilwa ya majahazi saba yaliyosemwa kuwaleta watu kutoka huko. Hoja hiyo ni kalenda yenyewe. Ni mwaka wa siku 365 usio na siku ya nyongeza, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, na manahodha na wakulima waliutegemea kujua pepo na mvua. Hesabu ya namna hiyo husogea nyuma polepole. Ndiyo maana Nairuzi yetu haiangukii Machi kama ya Iran ya leo, na ndiyo maana Waparsi wa India, wazawa wa Waajemi waliohamia huko, waliobaki na hesabu ya kale ya Kiajemi, nao huona mwaka mpya Julai au Agosti. Hilo si jambo la kubahatisha.

Lakini neno huweza kushuka bandarini bila mwenye neno kuhamia. Ibn Majid, nahodha Mwarabu wa karne ya 15, alitaja misimu ya safari kwa siku za Nairuzi, naye hakuwa Mshirazi. Wanamaji wa Bahari ya Hindi waligawana hesabu hiyo kama walivyogawana pepo. Kwa hiyo jina peke yake halithibitishi ukoo, ingawa Zanzibar ukoo huo umebebeshwa siasa nzito. Chama cha siasa cha Afro-Shirazi Party, cha 1957, kiliubeba hadi kwenye jina lake.

Mimi naona tumebishana mno juu ya Nairuzi, tukalisahau jina la pili. Koga ni oga, kwa matamshi ambayo wazee wa kusini bado wanayo. Nairuzi husema siku mpya imefika, kana kwamba imetoka mahali pengine. Mwaka kogwa husema mwaka huoshwa: uchafu wake ni wetu, na kazi ya kuuondoa ni yetu. Kalenda naikubali kuwa ya Kiajemi. Wazo hili la kuanza tena sioni sababu ya kulitafutia bandari ya ng'ambo, maana limesemwa kwa kitenzi cha Kibantu, na wenye kitenzi hicho ndio wanaoitenda shughuli.

Siku hizi wengi huandika "Mwaka Koga". Herufi moja tu imeanguka, lakini ndiyo iliyokuwa inasema kwamba mwaka hauogi wenyewe.