Ndege wapo Kibosho, wanaowahesabu wapo Leeds

Kila nikituma picha ya ndege niliyempiga huku Uingereza, ndugu zangu wa Moshi hunijibu kwamba huku ndiko kwenye ndege. Nakataa. Uingereza nzima mdiria, yule ndege anayevua samaki, ni wa aina 1 tu. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na wengi wanapita juu ya migomba yetu bila mtu kuinua uso.

Nimependa ndege tangu utotoni Kibosho, kabla sijajua kamera. Sasa naishi Leeds, na ninachowaonea wivu watu wa huku ni jinsi mtu wa kawaida anavyojali ndege wa kwao. Fairburn Ings, si mbali na mjini, palikuwa na migodi ya makaa ya mawe. Leo ni mabwawa na matete, na kuna ukuta wa mbao wenye matundu ambao unajibanza nyuma yake ukimsubiri mdiria. Hakuna anayekuuliza picha ni za kazi gani. Unakaa na mzee mstaafu mwenye chupa yake ya chai, na akimwona ndege kabla yako anakugusa bega.

Mwanga nao wa huku ni mzuri, tofauti na wengi wanavyodhani. Moshi, ikishafika saa 3 asubuhi jua limepanda, jicho la ndege limeingia kivulini na manyoya meupe hayaonyeshi tena mistari yake. Huku wakati wa baridi jua linapita chini chini, na hata saa 6 mchana linampiga ndege ubavuni taratibu. Ila Desemba, saa 10 kasorobo limeshazama.

Pamoja na hayo, picha ninayoipenda kuliko zote ni ya nyumbani. Ni hondohondo kwenye mkuyu, kando ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, ameshika tunda kwa ncha ya mdomo kabla ya kulirusha litue kooni. Ukiikuza unaziona kope zake, ndefu kama za mtoto.

Ndege huyo hawezi kuishi bila miti mikubwa yenye mapango. Jike huingia humo kutaga, mlango unazibwa kwa udongo ukabaki ufa mwembamba, na dume ndiye anayemlisha kupitia hapo. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, kikigawanywa kwa watoto wa kiume, na ada ya shule inadaiwa, mti mzee huangushwa ukawa mbao. Simlaumu mzazi. Kinachoniuma ni kwamba hakuna anayejua mti ule uliondoka na ndege gani.

Huku, tangu 1979, kila mwishoni mwa Januari RSPB, shirika la kulinda ndege, huwaomba watu wakae saa nzima bustanini au dirishani na kuhesabu ndege. Zaidi ya watu nusu milioni hushiriki. Hesabu hizo zimewaonyesha wazi jinsi shomoro na kwezi wao walivyopungua. Sisi tuna wazee wanaotuambia zamani walikuwa wengi, nami nawaamini, lakini ukisimama kwenye mkutano wa kijiji kutetea mti, picha yenye tarehe ina nguvu zaidi.

Desemba Wachaga tunapanda nyumbani, tuliotawanyika kote. Naomba wenzangu, asubuhi moja kabla ya pilikapilika za kuchinja, tukae barazani kuanzia saa 1 hadi saa 2. Simu inatosha. Hondohondo ni mkubwa, mabawa yake huvuma kabla hujamwona, na dume ana kofia kubwa ya rangi ya maziwa juu ya mdomo, kwa hiyo hata picha iliyotikisika itamtambulisha. Andika kijiji, tarehe na mti aliotua. Kama bibi yupo, muulize jina la mti huo kwa Kichaga uliandike pia, maana wengi wetu hatulijui.