Kipupwe Ndio Wakati wa Kufungua Sanduku la Vitenge

Mwezi Juni unapoingia Njombe, baridi ndiyo inayopanga siku. Mji wenyewe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Makete, kwenye uwanda wa Kitulo, zipo asubuhi ambazo majani hukutwa yamefunikwa na sakitu. Watu huchelewa kutoka na huwahi kurudi. Kwa maoni yangu, hakuna majira yanayofaa kuliko haya kwa kazi mbili tunazoziahirisha mwaka mzima: kushona vitambaa vilivyojazana masandukuni, na kupika vyakula vinavyotaka moto wa taratibu.

Vitambaa hivyo, tuseme kweli, vingi havikununuliwa kwa hamu. Vimeletwa na sare. Kuna sare ya harusi, sare ya ubarikio au kipaimara, sare ya kikundi cha akina mama, na kila Machi 8 hutolewa kitenge kipya kwa ajili ya Siku ya Wanawake, kwa kuwa cha mwaka jana kinahesabika kuwa kimepitwa. Nguo huvaliwa siku moja, pengine mbili, na kipande kilichobaki kwa fundi hukunjwa na kuwekwa juu ya vingine. Ukiongeza vitenge ulivyopewa zawadi, pamoja na kile ulichokinunua Makambako kwa sababu tu bei ilikuwa nzuri, sanduku halifungi tena.

Najua jibu la mama zetu: kitambaa ni akiba. Wana haki, lakini kwa sehemu. Doti ya kanga ambayo haijakatwa ni akiba halisi, kwani ndiyo inayotoka usiku wa manane jirani anapofiwa, au siku mkwe anapojifungua, na katika nyakati hizo hakuna muda wa kwenda dukani. Hiyo ibaki ilipo. Ninachokipinga ni kuliita akiba rundo la vipande vya yadi moja na nusu ambavyo huwezi kumpa mtu yeyote bila kuona haya. Vipande hivyo vinaharibika kimyakimya: mikunjo inapauka, unyevu wa masika unaacha madoa ya ukungu, na panya hawachagui. Ni kama maharage yaliyokaa ghalani miaka mingi, ambayo utayachemsha mchana kutwa na bado yatabaki magumu.

Basi vishonwe nini? Wengi hukimbilia foronya na mikoba, na sina ugomvi nazo. Koti la kitenge lililowekewa bitana ya flana lina maana zaidi huku kwetu. Blanketi la viraka, lenye blanketi kuukuu katikati ili lishike joto, lina maana zaidi tena, na halihitaji fundi. Cherehani ya kukanyaga na mtu mwenye subira vinatosha. Sharti moja tu: pamba ifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu hupungua inapolowa mara ya kwanza, na kiraka kilichopungua huvuta vyote vilivyo jirani yake.

Hata hivyo, kitu ambacho ningependa kila nyumba ya Nyanda za Juu Kusini ikishone ni kikapu cha kutunzia joto, maana hapo ndipo sanduku na jiko vinapokutana. Unachukua kapu kubwa au ndoo pana, unashona mito ya kitenge iliyoshindiliwa vipande vidogo visivyofaa kitu kingine, unaizungushia ndani na chini, kisha unashona mto mmoja wa kufunikia juu. Sufuria inaingia ikiwa bado inatokota, imejaa vizuri na kufunikwa barabara, na chakula kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Upande unaogusa sufuria uwe wa pamba tupu, kwa kuwa vitambaa vyenye nailoni havipatani na chuma kilichotoka motoni.

Chakula cha kukijaribia ni makande, na Juni ina bahati ya kuwa na maharage mapya sokoni. Mahindi yaliyokobolewa na maharage yalazwe kwenye maji usiku, asubuhi yachemshwe kwa nguvu kwa muda usiopungua nusu saa, kisha yakae kapuni hadi mchana. Ndipo yarudishwe jikoni yatokote tena, yaungwe kwa kitunguu na karanga zilizosagwa, na viazi viingie. Nyanya zisitangulie kamwe, kwani ukali wake huyazuia maharage kulainika. Wapishi wengi huwalaumu wauza maharage kwa kosa la nyanya. Kikapu hicho hufaa pia kwa supu ya kongoro, ingawa hiyo hutaka kuchemka kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuondolewa motoni.

Faida ya kwanza ni mkaa unaookolewa. Ya pili ni nzito zaidi. Wakati wa baridi familia huingiza jiko la mkaa chumbani, likimalizia chungu na kupasha chumba, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, na hewa yake ya sumu, isiyo na harufu wala rangi, huua watu wakiwa usingizini. Makande yaliyoivia kapuni mchana hayahitaji jiko la kuyamalizia usiku, na aliyejifunika blanketi zito la viraka hana sababu ya kulala na makaa.

Lakini anayetaka koti la fundi asingoje Agosti. Mavuno yakishauzwa, harusi huanza, mafundi hufurikwa na sare mpya, na kitenge chako kitalala mezani kwao mpaka joto lirudi.